Picha zinazobaki machoni baada ya kuangalia mwanga: nimehangaika nazo miezi minane, nasimulia yote

Mchapaji wa Moro

Salaam wakuu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na kila nilipolitafuta kwa Kiswahili sikupata pa kushika. Nilikuta maandishi ya Kizungu tele, mengi ya kutisha. Ndiyo maana naliandika kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Nina steshenari hapa Morogoro, jirani na chuo. Nachapa, natoa kopi, napanga kurasa za ripoti za wanafunzi na kuzifunga. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, wanafunzi wanapokimbizana na tarehe ya kukabidhi, nakaa mbele ya kompyuta saa mbili asubuhi na kunyanyuka saa tano usiku. Nikifika kitandani nashika simu, na taa nimeshazima.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa namalizia sura ya nne ya binti mmoja aliyekaa pale kwenye benchi ananisubiri. Skrini nilikuwa nimeigeuza kuwa nyeusi yenye maandishi meupe, maana niliambiwa hivyo ndivyo macho yanavyopumzika. Nilipoinua kichwa kumuuliza swali, uso wake ulikuwa na mistari. Mistari ya kulala, mweusi mweupe mweusi mweupe, kama bati la mgongo mdogo limesimamishwa kati yangu na yeye. Ikafifia baada ya sekunde kama kumi. Nikapepesa macho, ikarudi.

Sikumwambia kitu. Nilimpa kazi yake, nikafunga duka, njiani bodaboda ikanipita na zile taa nyeupe kali za siku hizi, na doa la zambarau likanifuata hadi mlangoni kwangu.

Tangu usiku ule nikawa naona kila kitu kinaacha alama. Nikizima taa ya chumbani, duara linabaki. Asubuhi nikiangalia dirisha kisha nikafumba macho, naliona dirisha zima pamoja na nondo zake, ila nondo zimekuwa nyeupe na vioo vimekuwa vyeusi. Na macho yenyewe yalikuwa hayana raha: yanawaka, kama yameingia mchanga, kichwa kinauma juu ya nyusi kuanzia saa tisa alasiri. Cha ajabu, upepo ukipiga yanatiririka machozi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu kuliko yote, nalo nitalirudia chini: nilianza kujipima. Naangalia taa, kisha ukuta, nahesabu sekunde, naandika kwenye daftari. Daftari lile ninalo hadi leo. Kuna siku nilijipima mara 41. Nilikuwa naamka usiku kuangalia kama picha bado zipo, na bila shaka zilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimewasha taa ili nizitafute.

Nilianzia duka la dawa. Nikapewa matone bila mtu kuniangalia hata jicho moja, nikayatumia wiki tatu. Wekundu ukapungua, mengine yakabaki vilevile. Kisha nikaenda kliniki ya macho kama inavyotakiwa. Walinipima kusoma, wakapima presha ya macho, wakaniwekea dawa ya kufungua mboni na kuangalia nyuma ya jicho. Ile dawa inakufanya mwanga wa jua uwe kama kisu kwa saa kadhaa, kwa hiyo ukienda nenda na mtu au na kofia.

Majibu: retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni nzima, presha nzuri. Nina astigimatizimu kidogo, yaani jicho halina mviringo sawa kwa hiyo picha inakuwa na ukungu, ambayo sikuwahi kupewa miwani yake, na macho yangu ni makavu. Daktari, mama mtu mzima mwenye subira, akakaa akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonipa usingizi siku hiyo. Kwa maneno yangu ni hivi: seli za retina zina kemikali inayobadilika ikipigwa na mwanga, na inahitaji muda kujirudisha. Ukikazia macho kitu kimoja, seli za mahali pale zinachoka wakati jirani zake bado zina nguvu. Ukihamia kwenye ukuta, zilizochoka zinajibu kwa unyonge, na ubongo unaisoma tofauti ile kama picha iliyogeuzwa. Palipokuwa peupe panakuwa peusi, chekundu kinaacha kijani chenye ubuluu. Kaza macho kwenye kanga nyekundu nusu dakika kisha angalia karatasi nyeupe, utaiona. Kila mwenye jicho zima anaiona.

Nikamuuliza, mbona mimi naziona kutwa nzima na wengine hawazioni? Akasema, "Wewe kazi yako ni kutazama mistari myeupe juu ya giza saa 15, macho makavu, miwani huna, halafu unazitafuta."

Nataka kusikia kwa wengine. Kuna mwenye hali hii?

Fundi Nondo

Mkuu, sisi wa kuchomelea vyuma tunaishi nazo. Ule mwanga wa kuchomelea ukiuona kwa kushtukiza, unabaki jichoni kama msumari wa moto, unakwenda nao hadi kwenye sahani ya chakula. Lakini nataka kuwaonya vijana: kuna tofauti ya alama kubaki na jicho kuungua. Jicho likiungua kwa ule mwanga husikii kitu wakati ule. Unamaliza kazi, unaoga, unalala. Saa saba au nane za usiku unaamka unalia, kama mtu amekumwagia mchanga na pilipili, taa huwezi kuitazama. Mimi yamenikuta mara mbili nikiwa mwanafunzi wa fundi, kwa sababu nilikuwa nashikilia chuma huku fundi anachoma na mimi sina kioo. Ile ni miale isiyoonekana inayochoma ngozi ya mbele ya jicho. Huwa inapona siku moja au mbili, ila ikipita hapo bila kupungua nenda hospitali.

Na miwani ya jua ya barabarani si kinga. Kioo cha kuchomelea kwa umeme kinaanzia namba 10 kwenda juu. Anayeshika chuma naye avae, na watoto wasisimame mlangoni kushangaa.

Chenga za Pemba

Assalamu alaykum nyote. Nimekisoma kisa chako mwanangu, nikaona na miye niseme langu, kwani nimelificha miaka.

Miye naona chenga tangu nina akili zangu. Wale wa zamani mnakumbuka televisheni ikikosa stesheni inavyofanya, zile chembe zinazochemka? Basi hizo ziko mbele ya kila kitu, mchana na usiku, ukutani, mbinguni, hata nikifumba macho. Na kila kitu kinaacha picha, na taa zinaniudhi, na masikio yanavuma. Na kipandauso ninacho. Nilidhani binadamu wote wanaona hivi, mpaka siku moja nikiwa darasani nasomesha nikamuuliza mwalimu mwenzangu, "Nawe chenga zako leo ni nyingi?" Akanikodolea macho.

Hospitali walinipima macho wakasema mazima. Wengine wakaniambia ni wasiwasi. Miaka ya karibuni ndipo daktari wa mishipa ya fahamu, alipokuja kumpima mtoto wangu, akanambia hali hii ina jina, kwa Kizungu "visual snow", na inajulikana, na vigezo vyake viliandikwa na madaktari mwaka 2014 tu. Chanzo chake kipo kwenye ubongo unavyoshughulikia kinachoonwa, jicho halina kosa. Hakunipa dawa ya kuzifuta, alinambia wazi kuwa hakuna ya uhakika. Nalilia ile siku si kwa huzuni. Miaka arubaini na kitu nimekuwa nikijiona mwongo.

Mchapaji wa Moro

Shikamoo mama. Nimekusoma mara mbili. Mwenzako alipokukodolea macho, nimekuona kabisa. Nashukuru umesema.

Kliniki ya Jicho Kusini

Wakuu, mimi nafanya kazi kitengo cha macho hospitali ya mkoa, mwaka wa 11 sasa. Uzi mzuri. Naongeza machache ambayo naona watu wanayachanganya.

Alama za kawaida zina tabia zake. Zinakuja baada ya kukazia mwanga au rangi kali, rangi inageuka, zinahama pamoja na jicho, na zinafifia kwa sekunde au dakika. Hizo ni za kila mtu. Ile inayoitwa palinopsia ni kitu kingine: unaona kitu, unageuka, na kitu kilekile kinabaki kwa rangi zake au kinarudi baadaye mahali ambapo hakipo. Au mkono ukipita mbele unaacha mkia wa mikono. Hii inaweza kuja na kipandauso, na hali aliyoieleza mama wa Pemba, na baadhi ya dawa. Topirameti inayotumika kwa kifafa na kipandauso, trazodoni ya sonona, na klomifeni wanayopewa kina mama wanaotafuta ujauzito, zote zimeshatajwa kuleta hali hii kwa baadhi ya watumiaji. Usiache dawa mwenyewe, hasa ya kifafa. Mwambie aliyekuandikia. Mara chache palinopsia inatokana na kifafa chenyewe au jeraha sehemu ya nyuma ya ubongo, kwa hiyo ikianza ghafla, hasa upande mmoja tu wa unachokiona, isikae nyumbani.

Msisubiri asubuhi kama umeona vimulimuli vya ghafla kama radi, nzi weusi wengi wanaoelea kwa mara moja, au kitu kama pazia linashuka upande mmoja. Hiyo inaweza kuwa retina inabanduka, na muda ndio unaookoa jicho. Pia kuona kukipotea ghafla, jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika, au kuona kubadilika huku maneno yanakwama au upande wa mwili unalegea.

Sasa matone. Mchapaji, angalia ile chupa uliyopewa duka la dawa. Kama imeandikwa deksamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Inaondoa wekundu haraka, ndiyo maana watu wanaipenda. Ikitumika muda mrefu bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho. Nimeshapokea kijana wa miaka 20 na kitu aliyetumia kwa miezi mingi kwa ajili ya kuwashwa tu, mishipa ya jicho imekwisha kuliwa, na kilichopotea pale hakirudi. Naumia kila nikimkumbuka. Na tafadhali, maziwa ya mama, maji ya sukari, mkojo, majani: jicho si kidonda cha mguuni.

Mchapaji wa Moro

Mkuu wa kliniki, nimekimbilia kabatini. Ni deksamethasoni. Nilitumia wiki tatu. Presha yangu ilipimwa baada ya hapo ikawa nzuri, namshukuru Mungu. Chupa nimeitupa sasa hivi.

Msafiri wa Muscat

Mimi niko Oman, kazi ya ofisini, kiyoyozi kinanipuliza usoni kuanzia asubuhi. Nilinunua miwani ya kuchuja mwanga wa bluu kwa pesa nzuri tu na sikuona tofauti. Kuna aliyeona?

Kliniki ya Jicho Kusini

Ndugu wa Muscat, si wewe peke yako. Mwaka 2023 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walipitia majaribio 17 ya miwani hiyo na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho ya kompyuta ukilinganisha na miwani ya kawaida. Geuza kiyoyozi kwanza. Jicho lililotulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika, mbele ya skrini linashuka hadi 5 au 7, na kila kupepesa ni kama mtu anapiga deki. Usipopiga deki na upepo unapuliza, utando wa machozi unakatika. Ndiyo maana Mchapaji anatokwa machozi akipigwa na upepo: jicho kavu linalia kwa kuudhika, na machozi yale ni maji matupu yasiyokaa. Shusha skrini iwe chini kidogo ya macho ili kope zifunike sehemu kubwa. Machozi ya bandia yanasaidia. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi.

Mwalimu wa Fizikia Songea

Nimevutiwa na hilo la kuhesabu sekunde, kwa sababu kuna mkubwa aliyepitia hapohapo. Isaac Newton, yule wa mvuto, akiwa kijana aliangalia jua kwenye kioo kwa jicho la kulia, kisha akageukia kona yenye giza ya chumba kuona rangi zilizobaki. Akarudia, na akarudia tena. Mwaka 1691 alimwandikia rafiki yake John Locke akimsimulia. Ilifika mahali hakuweza kusoma wala kuandika, akajifungia chumba cha giza siku tatu. Na akasema kitu ambacho kila mwenye shida hii angekielewa: akiliwaza jua tu, picha yake inamjia hata gizani. Kilichomrudisha ni giza pamoja na kuishughulisha akili yake na mambo mengine. Hata hivyo kwa miezi kadhaa baadaye, kila alipoitafakari habari ile, duara la jua lilirudi, yuko kitandani usiku wa manane na mapazia yamefungwa.

Lakini nisieleweke vibaya kuhusu jua. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, Mbarali, jua lilipopatwa likabaki pete. Tulikuwa na miwani maalumu, haikutosha, na kijana mmoja niliyekuwa naye aliangalia kwa macho matupu kwa muda. Hakusikia maumivu yoyote, retina haina neva ya maumivu. Kesho yake katikati ya kila neno analosoma pana doa la kijivu. Doa lile halikuondoka wala kufifia kwa sekunde. Lilipungua kwa miezi, halikuisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale na ningeweza kumshika mkono. Tarehe 2 Agosti 2027 kuna lingine: njia ya kupatwa kikamilifu inapita Misri, Saudi Arabia, Yemen hadi ncha ya Somalia, na majirani tutaona jua limemegwa. Jua lililomegwa linaunguza vilevile. Andaeni watoto mapema.

Kijana wa Kisumu

Mchapaji, niko hapa kwa sababu yangu yalianza juzi, mimi huandika programu usiku. Naogopa sana bro. Wewe ulifanya nini hasa? Na zilipotea?

Mchapaji wa Moro

Pole ndugu yangu. Kwanza kapimwe, mara moja na vizuri, mboni ifunguliwe. Usifanye kama mimi kuanzia duka la dawa.

Kisha mimi nilibadilisha mwanga. Skrini nyeusi niliitoa. Kwenye giza mboni inafunguka zaidi, na kwa mwenye astigimatizimu herufi nyeupe zinamwagika pembeni. Sasa natumia karatasi yenye umanjano kidogo na maandishi ya kijivu kizito, na mwanga wa skrini nimeushusha hadi ukalingana na karatasi halisi niliyoiweka pembeni yake. Ukiona skrini inang'aa kuliko karatasi, bado ni kali. Balbu ya duka ilikuwa uchi juu ya kichwa changu, nikaigeuza ipige ukuta wa nyuma. Chumbani nimeweka taa ndogo ya manjano, simu haishikwi gizani. Maandishi nimeyakuza hadi asilimia 140, wanafunzi wananiuliza kama nimezeeka.

Miwani ya astigimatizimu ilichukua wiki mbili kuizoea, na maumivu ya juu ya nyusi yakaisha karibu yote. Hapo ndipo nilipoona nafuu kubwa ya haraka.

Kuna kanuni ya kila dakika 20, uangalie mbali mita sita kwa sekunde 20. Mimi natoka mlangoni. Kutokea pale steshenari naiona milima ya Uluguru, na nimejipa kazi ya kutafuta wingu limekaa wapi leo: kuna siku limeshuka hadi nusu, kuna siku kilele kiko wazi na unaona mistari ya maji ya mvua. Sikazi macho, nayaacha yatembee. Nikirudi nafumba macho polepole mara kumi kabla ya kushika kibodi. Usiku mlima hauonekani, naangalia taa za kule mteremkoni.

Na daftari nililifunga. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, usidharau. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye swichi. Mke wangu ndiye aliyenisaidia, kila akiniona nimekodolea ukuta ananipa kitu cha kufanya, chochote, hata kuchambua mchele. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa na hasira. Wiki ya tano nikagundua jioni imefika na sijaziwaza tangu asubuhi, nikashtuka, nikazitafuta, zikaja. Nikaendelea kuchambua mchele.

Zimepotea? Hapana. Dirisha la asubuhi bado linaacha nondo zake, taa za bodaboda bado zinaacha doa. Mistari inakuja nikizidisha saa. Kwa mama wa Pemba chenga zipo palepale, na sitaki kukudanganya kwamba kila mtu anapona njia moja. Mwezi uliopita yule binti wa sura ya nne alirudi, sasa anataka nakala sita za ripoti kamili. Nikainua kichwa kutoka kwenye skrini, na usoni pake mistari ikapita kidogo. Nikamuuliza jalada anataka la rangi gani.

Kijana wa Kisumu

Asante sana. Jumatatu naenda kupimwa. Naweza kukuandikia nikitoka?

Mchapaji wa Moro

Andika hapahapa ndugu yangu, na wengine wasome. Na siku hiyo usiende mwenyewe na pikipiki, mboni zikifunguliwa huoni njia vizuri.